Kiti cha Wifi

Kuchagua si kosa. Hata wahenga, waliokuwa na kauli kwa kila kasoro ya binadamu, hawakumkataza mtu kuchagua. Waliyemcheka ni yule anayefika sokoni mapema, akainua nazi moja na kuitikisa sikioni, akairudisha. Akainua nyingine, akaigonga kwa ukucha, akairudisha. Kisha akamuuliza muuzaji kama hana nyingine kwenye gunia la ndani. Wenzake wanaokuja nyuma yake huzichukua nazi zilezile na kwenda kupika. Jua likishapanda, fungu limebaki koroma tupu, na koroma si dafu la kunywa wala si nazi ya kukuna. Mchagua nazi, wakasema, hupata koroma. Methali hiyo ilimwangukia mwanamke wa Tennessee ambaye hajawahi kuuona mnazi tangu azaliwe, naye alikuwa mtu mwema, kwa hiyo kicheko chetu na kiwe cha wastani.

Jina lake ni Leota Tidwell, binti wa marehemu Hollis Tidwell, mfanyabiashara wa nyumbu. Si nyumbu wa mbugani, bali wale wanaozaliwa na punda dume na farasi jike, ambao watu wa vilima vile waliwatumia kulimia mashamba kwa vizazi na hadi leo huwafanyia sherehe kila majira ya kuchipua. Mzee Hollis alimlea bintiye sokoni. Alimfundisha kufungua mdomo wa mnyama na kusoma umri kwenye meno, kupitisha kidole chenye mate kwenye nywele za kipaji cha uso ili kuona kama mvi zimepakwa dawa ya viatu, na juu ya yote alimfundisha kuondoka. "Ukishataja bei yako, geuka uende zako," alikuwa akisema. "Tembea polepole. Anayetaka kuuza atakufuata mpaka langoni." Na kweli walimfuata. Leota alikua akiamini kwamba dunia nzima ina lango, na kwamba muuzaji yeyote, ukimpa muda, atatoka mbio nyuma yako akiwa ameshika kofia mkononi.

Kwa njia hiyo alinunua jokofu, gari na jeneza zuri la baba yake. Kwa njia hiyohiyo hakuolewa. Wachumba walikuja, wakakaguliwa, wakarudi walikotoka, na hakuna aliyejua kwamba alitakiwa kumfuata mpaka langoni.

Aliishi na wifi yake, Nelda, mjane wa kaka yake Royce. Nelda alikuwa mwanamke mfupi, mnene kidogo, mwepesi wa kucheka na mwepesi wa kulia, na tangu Royce aanguke ghafla akiwa anachanja kuni, hakuweza kulala mahali ambapo hapakuwa na mtu mwingine anayepumua. Alihamia kwa Leota kwa wiki moja ya matanga, akasahau kuondoka, na Leota akasahau kumkumbusha. Wote wawili walishona ovaroli katika kiwanda cha mji wao mdogo wa Lynnfork, cherehani zao zikitazamana. Nelda alishona mifuko na Leota akashona mikanda ya mabega. Walikuwa wakigombana mchana kutwa na kurudi nyumbani kwa gari moja.

Kisha kiwanda kikafungwa na watu wote wakamwaga unga kwa siku moja. Wengine walikwenda Nashville kutafuta kazi za hotelini, wengine wakaanza kunywa. Nelda ndiye aliyekuja na habari ya malori. Alikuwa ameisikia kanisani, kwa mwanamke ambaye mpwa wake sasa anaendesha hadi California na kurudi.

"Wanakusomesha wao, wifi," alisema, unga wa biskuti ukiwa umemfika kwenye viwiko. "Kozi juu yao, malazi juu yao, chakula juu yao. Ukipata leseni unawaendeshea mwaka mmoja, basi, mmemalizana. Na watu wawili wanaweza kupewa lori moja! Mmoja anashika usukani, mwingine analala kitanda cha nyuma."

"Nani atakulipia kitu bure?" Leota aliuliza.

"Si bure. Hawana madereva. Madereva wamezeeka." Nelda alijifuta pua kwa bega. "Mimi peke yangu siwezi, unanijua. Lakini mimi na wewe, hata mwisho wa dunia nakwenda."

Usiku ule Leota alijikuta akitabasamu mbele ya sinki. Hilo ndilo lililokuja kuwa tamaa yao, na hawakuwa na nyingine: lori moja, viti viwili, Tidwell kushoto na Tidwell kulia.

Kampuni ya kwanza ilikuwa ya Memphis. Afisa wake wa kuajiri, kijana aitwaye Prentice, alipiga simu asubuhi, nao wakaiweka simu mezani waisikilize wote.

"Darasa linachukua wiki chache, Bi Leota," Prentice alisema kwa sauti ya adabu ya vijana waliolelewa na bibi zao. "Mtalala chumba kimoja. Wakufunzi wanawake tunao. Mkishapata leseni, mnakaa na mkufunzi barabarani mpaka aseme mmeiva, halafu jamaa wawili wakitaka lori moja, tunawapa. Mkataba ni mwaka. Mnatoka wiki mbili au tatu, mnarudi nyumbani siku kadhaa. Mna swali?"

Leota aliifunika simu kwa kiganja. "Umemsikia? Hata pumzi hakuvuta."

"Sasa si amejibu kila kitu?"

"Ndiyo maana! Mwenye mali nzuri hana haraka ya kuisifu." Akaondoa kiganja. "Mwanangu, tutakuja kuyaona hayo malori yenu kwa macho."

Walikwenda. Yadi ya Memphis ilikuwa pana, malori yamepangwa kwa safu, na mkufunzi aliyewatembeza alikuwa mama mmoja mrefu aitwaye Bi Odessa, aliyeendesha tangu enzi ambazo wanaume walimpigia honi kwa kushangaa tu. Bi Odessa aliwapandisha kwenye lori, akawaonyesha kitanda, akamwacha Nelda ashike usukani wakati injini imezimwa. Nelda aliushika kama mtu aliyepewa mtoto wa kuzaliwa jana.

Leota, yeye, alikuwa chini. Alipiga magurudumu teke. Aliinama akatazama chini ya tela. Alipitisha kidole kwenye rangi ya mlango, kwanza kikavu, kisha chenye mate.

"Mama," Bi Odessa alimwambia kutoka juu, "unatafuta kitu au umepoteza kitu?"

"Yamesafishwa mno," Leota alisema.

"Tungeyaacha machafu ungesema nini?"

Nelda aliangua kicheko. Leota hakucheka. Aliingia ofisini kwa Prentice na kutaja bei yake, na bei yenyewe haikuwa fedha: alitaka wawe nyumbani kila Jumapili, ibada isiwapite. Prentice alimweleza kwamba mzigo wa kutoka Memphis kwenda Oregon haujui Jumapili. Leota akasema basi, asante kwa muda wako, akaichukua kofia yake.

"Bi Leota," kijana alisema, naye alisema kwa upole, "hapa hatuuzi nyumbu. Nikikuambia wiki mbili au tatu, ni wiki mbili au tatu. Viti viwili vimebaki darasa la Jumatatu. Ningependa viwe vyenu."

"Tutaona," Leota alisema.

Walitoka. Kutoka mlango wa ofisi hadi lango la yadi ni mwendo mrefu kidogo, na Leota aliutembea polepole kwa ufundi wote aliorithi, mkoba ukining'inia, shingo haikugeuka. Nelda ndiye aliyekuwa akigeuka.

"Wifi, hakuna anayekuja."

"Atakuja."

"Amerudi kukaa. Anakula sandwichi."

"Usimwangalie! Unaniharibia."

Walifika langoni, wakalipita, wakakaa ndani ya gari huku Leota akijifanya anatafuta funguo. Hakuna aliyekuja. "Atapiga simu Jumapili," alisema hatimaye na kuwasha gari. "Subira yavuta heri."

"Na ngojangoja yaumiza matumbo," Nelda alisema, akafungua dirisha.

Jumapili simu ilinyamaza. Darasa la Jumatatu likaanza na watu wengine.

Mngedhani hapo Leota angeshituka. La. Alipiga simu Knoxville, ambako kulikuwa na kampuni nyingine iliyosomesha madereva, na huko kweli waliahidi kuwarudisha nyumbani kila mwisho wa wiki, ila mkataba ulikuwa mwaka na nusu na jamaa wawili hawakupewa lori moja mpaka mwaka wa kwanza uishe. Mtu mwingine angeziweka hizo mbili kwenye mizani na kukata shauri. Leota aliona mambo tofauti: sasa walikuwapo wauzaji wawili, na baba yake alipokuwa na wauzaji wawili alikuwa akilala usingizi mtamu. Aliwaambia wa Knoxville walichosema wa Memphis. Aliwaambia wa Memphis walichosema wa Knoxville. Alisubiri washindane.

"Hongera, mama," wa Knoxville walimwambia. "Nenda Memphis."

"Hiyo si mbaya, Bi Leota," Prentice naye alisema. "Kama Jumapili ndiyo muhimu kwenu, nendeni Knoxville kwa moyo mweupe. Nitawaombea."

Leota aliikata simu akaitazama kama imemtukana. Hakuwahi kukutana na wauzaji wa namna hiyo, watu wanaokutakia heri na kuendelea na kazi zao. Badala ya kujua kwamba mchezo aliokuwa akiucheza haukuwapo, alijiambia kwamba hawa ni wajanja kuliko wote, na kwamba wajanja hushindwa kwa kungojwa zaidi. Kiangazi kikapita hivyo. Kila darasa lililoanza lilikuwa na dosari yake: moja liliangukia sherehe ya wilaya, jingine lilikuwa na joto mno la kujifunzia, jingine alisema namba ya gari la Prentice haikumpendeza.

Lazima nimtetee hapa. Haikuwa kiburi. Leota alikuwa ameona watu wa Lynnfork wakiweka sahihi mbele ya kila aliyefika na tabasamu, na kiwanda chenyewe kilifungwa na mtu mwenye tabasamu. Alikuwa na wifi mmoja tu duniani, mwenye imani kwa kila mtu, na alijiona ndiye ukuta kati ya Nelda na walimwengu. Alichagua kwa niaba ya wawili, na mapenzi yakiingia kwenye kuchagua, mtu huogopa mara mbili.

Asubuhi moja ya mwisho wa Agosti alimkuta Nelda sebuleni amevaa viatu vya safari. Mikoba miwili ilikuwa mlangoni.

"Darasa linaanza Jumatatu," Nelda alisema. "Nimempigia Prentice mwenyewe. Kiti changu nimechukua. Chako nimemwomba asikitoe mpaka leo saa sita. Nguo zako nimezipanga, hata zile soksi nene."

"Umempigia bila kuniambia?"

"Ningekuambia, ungenikagua meno."

Walikwenda hadi kituo cha basi kwa gari. Basi la Memphis lilikuwa tayari. Nelda alisimama kwenye ngazi ya kwanza, mikoba yote miwili mkononi, akamtazama wifi yake. Macho yalikwisha kumjaa machozi.

"Panda, wifi. Tafadhali."

Leota alitaka kupanda. Sikieni hilo: mguu wake wa kulia ulikwisha kunyanyuka. Lakini pale pale akili ya sokoni ikamjia na wazo ambalo kwake lilikuwa la busara tupu. "Tangulia," alisema. "Wakijua mmoja wetu yuko kwao na mwingine bado yuko nje, watataka kunipata. Nitawabana hizo Jumapili, halafu nakuja. Unaona? Wewe ukiwa ndani, mimi nina nguvu zaidi."

"Royce naye alinichumbia miaka minne," Nelda alisema. "Nilikaribia kuolewa na fundi bomba." Kisha akauweka mkoba wa Leota chini, taratibu, karibu na viatu vyake, akaingia ndani. Dereva akafunga mlango.

Nyumba ikawa kubwa. Leota aligundua kwamba alikuwa amezoea kunywa kahawa akimsikia mtu mwingine akiimba vibaya. Alipika maharage na mkate wa mahindi vya kutosha wawili, akala mara mbili. Alijipa moyo kwamba ni suala la wiki kadhaa.

Nelda alipiga simu kila Jumapili, na kila Jumapili sauti yake ilikuwa imenyooka zaidi. Alifeli mtihani wa breki, akalia, akarudia, akafaulu. Aligonga nguzo za mpira akirudisha tela nyuma, na Bi Odessa akamshusha kwenye lori mara kwa mara mpaka neno likamkaa kichwani: ukiwa na shaka, shuka uangalie. Mwezi wa kumi ulipoanza alikuwa na leseni mfukoni na anasafiri na Bi Odessa, ambaye alipumua vya kutosha kitandani kwa watu wawili.

"Nimewaomba waniwekee kiti cha pili," alisema. "Bi Odessa amenisemea kwa wakubwa. Wamekubali mpaka Krismasi. Darasa la mwezi huu lina nafasi, wifi. Ukiingia sasa tunawahi. Ukichelewa watanipa mtu mwingine, maana lori la watu wawili haliendi na mtu mmoja."

Moyo wa Leota uliruka kwa furaha, na furaha hiyohiyo ikamponza. Kwa mara ya kwanza tangu mchezo uanze, muuzaji alikuwa na haja! Kiti kilikuwa wazi, nao walitaka kijazwe. Alimpigia Prentice papo hapo.

"Nasikia mnanihitaji," alisema.

"Tunakuhitaji tangu Aprili, Bi Leota. Njoo Jumatatu."

"Na Jumapili zangu?"

Sauti ya kijana ilizeeka. "Nitawauliza tena wakubwa. Lakini usikae ukingoja jibu. Njoo huku nikiuliza."

"Uliza kwanza," Leota alisema.

Prentice aliuliza. Jibu lilikuwa lilelile. Leota alipokwisha kulipata na kulitafakari na kulala nalo, darasa lilikuwa limejaa, akaandikishwa kwa la Novemba. Alifungasha mkoba wake mwenyewe safari hii, soksi nene juu. Kisha Novemba ikaja na habari ambazo hakuna mtu wa Lynnfork aliyezitarajia: mwaka ule mizigo ilipungua kila mahali, malori yakalala yadini, na kampuni ya Memphis ikasimamisha madarasa mapya hadi majira ya kuchipua. Knoxville nao wakasimamisha.

Prentice alipiga mwenyewe. "Pole sana," alisema, na Leota alijua kwamba kijana anamaanisha. Aliketi kwenye kiti cha jikoni na koti lake mwilini mpaka kahawa ikapoa.

Baada ya hapo Nelda naye akapiga. Alizungukazunguka, akauliza habari za paka wa jirani, akauliza kama mabomba yameganda, na mwisho akasema. Kwa kuwa hakuna darasa tena kabla ya Krismasi, wamempa mwenzake. Anaitwa Earlene, anatoka Mississippi, ana adabu.

"Vizuri," Leota alisema.

"Wifi, niliwaambia wangoje."

"Najua. Vizuri, Nelda." Akaagana naye, akaenda kukaa mbele ya cherehani yake ya zamani ya nyumbani na kulia kama ambavyo hakulia tangu msiba wa kaka yake.

Hapo sasa ndipo aliporuka. Kulikuwa na kampuni ndogo upande wa Alabama iliyokuwa bado inachukua watu, na kila dereva wa vilima vile alijua ni kwa nini: hakuna aliyekaa. Malori yao yalikuwa na umri wa kupiga kura. Mkufunzi mwanamke hawakuwa naye. Mkataba wao ulikuwa miaka miwili. Leota Tidwell, aliyemtilia shaka Bi Odessa kwa usafi wa rangi, alikwenda Alabama kwa basi la kwanza, akaweka sahihi alipoonyeshwa kwa kidole, hata kalamu hakuikagua.

Leseni aliipata kwa darasa la mbiombio na bahati, akakabidhiwa kwa mkufunzi wa barabarani aitwaye Garland, mzee mkimya mwenye tumbaku shavuni na chupa ya soda ya kutemea. Hakuwa mbaya. Alikuwa amechoka tu, tena alikuwa amegundua zamani kwamba mwanafunzi akishika usukani, lori linazalisha huku yeye amelala. Siku ya kwanza alimwonyesha gia, siku ya pili akapanda kitandani na kuvuta pazia. Leota alijifunza kwenda mbele kwa sababu mbele kulikuwa na barabara. Kurudi nyuma hakufundishwa na mtu. Walipofika ghalani, Garland alishuka kitandani, akalirudisha tela mwenyewe akipiga miayo, akapanda tena.

Ilikuwa Februari, saa za mchana, alipoingia katika kituo kikubwa cha malori upande wa Arkansas, ng'ambo ya mto kutokea Memphis. Nafasi iliyobaki ilikuwa moja, kati ya malori mawili mapya yanayong'aa. Garland alikuwa nyuma ya pazia. Leota alimwita, hakujibu. Akaamua kujaribu.

Jaribio la kwanza tela lilielekea kulia badala ya kushoto. La pili lilielekea kushoto kupita kiasi. Madereva waliokuwa wakitoka mkahawani na vikombe vyao walisimama kutazama, maana hakuna sinema inayoishinda hiyo. Mikono ilimtoka jasho ndani ya glavu. Alirudi tena nyuma, kioo kikamwonyesha jicho la taa la lori la jirani likimjia, naye hakujua azungushe wapi.

"Simama! Simama hapohapo!"

Mwanamke mfupi aliyevaa kizibao cha manjano alikuwa akikimbia kati ya malori, mkono juu. "Usiguse kitu! Nyoosha usukani. Nyoosha, nimesema! Sasa njoo mbele. Njoo, njoo, basi. Zungusha kulia kidogo. Kidogo, wifi, si kama unakamua nguo!"

Leota aliitazama ile sura kwenye kioo, na macho yakamfifia kwa machozi hata akalazimika kuendesha kwa sauti peke yake. Nelda alimwingiza hatua kwa hatua, mkono huu ukisema njoo, ule ukisema ngoja, mpaka tela likatulia katikati ya mistari. Madereva wakapiga makofi. Leota aliposhuka, Nelda akampokea kifuani.

"Nani alikufundisha vibaya hivi?"

"Hakuna aliyenifundisha," Leota alisema.

Walikula pamoja, kambare wa kukaanga na kabeji, chai ya barafu iliyojaa sukari. Earlene alikuwapo. Alikuwa msichana mrefu mwenye aibu, na aliposikia jina la Leota alisogea upesi kutoka kando ya Nelda, kana kwamba amekutwa kwenye kiti cha mwenyewe. Leota alitaka sana kumchukia, akashindwa.

"Unalala?" alimuuliza Nelda kwa sauti ya chini.

"Nalala, wifi. Nalala kama mtoto."

Leota alifurahi, na furaha ikamchoma.

Earlene alipokwenda kulipia mafuta, Nelda aliinama juu ya meza. "Sikiliza. Anaolewa Juni, anaacha barabara. Kiti kitakuwa wazi, na Prentice anasema watakuchukua hata bila darasa, maana leseni sasa unayo. Njoo."

"Nakuja," Leota alisema, neno la mwisho la Nelda likiwa bado hewani.

Nelda alicheka, akapiga meza. "Hujauliza hata lori ni jipya au la kale! Hujauliza Jumapili!"

"Sitaki kujua. Nakuja."

Walicheka wote wawili mpaka mhudumu akageuka. Kisha kicheko cha Nelda kikapungua. "Na hao wa Alabama? Umewaahidi muda gani?"

Leota aliweka uma chini. Kwa dakika ile alikuwa amesahau kabisa.

"Miaka miwili."

"Ukivunja?"

"Hakuna kampuni itakayonigusa mpaka niimalize. Ndivyo walivyosema, nikaweka sahihi."

"Wewe?" Nelda alimkodolea macho. "Wewe, Leota, uliweka sahihi hivihivi? Kwa nini hukubishana hata kidogo?"

"Nilikuwa nakukimbilia wewe," Leota alisema.

Nelda aliushika mkono wake juu ya meza. Nje honi ililia. Garland alikuwa ameamka na alitaka kuondoka.

"Mimi siwezi kukaa bila mtu, wifi," Nelda alisema. "Unajua."

"Najua."

"Juni wataniwekea mwingine."

"Waambie wakuwekee mpole kama huyu," Leota alisema. Akajifuta macho kwa leso ya karatasi, akavaa glavu zake.

Nelda alimsindikiza, akasimama mbele ya lori kuukuu na kumwongoza kutoka, mkono mmoja ukisema njoo. Leota alimpungia, akaingia barabara ya kwenda Texas, kiti cha kulia kikiwa kitupu na pazia la nyuma limefungwa. Alikuwa amechagua kwa akili, kwa mapenzi na kwa nia njema kabisa, lakini soko halingoji nia ya mtu. Nazi nzuri zilipita mikononi mwake zote, na mchagua nazi, ndugu zangu, hupata koroma.